Kiboko wa Mama Héritière

Kanisani, mtaani Troyeville, walisema kwamba kule pwani ya kaskazini ya nchi, mpakani na Msumbiji, viboko hutoka ziwani mchana kweupe na kuingiza vichwa kwenye madirisha ya magari. Uvumi huo ulimganda Mama Héritière kama kupe.

Kwa hiyo binti yake Héritière alipokodi gari lenye vitanda ndani, aende huko porini na mume na mtoto mchanga, alimwambia afunge madirisha yote. Na kwa kuwa ilikuwa Julai, akamfungashia na mbabula yake, lile jiko alilolitengeneza kwa kutoboa kopo la rangi, pamoja na makaa.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, Héritière akapiga simu.

"Mama, mvua haikatiki. Tumefunga kila kitu. Kiboko wako hatatuona."

"Na baridi?"

"Baridi iko wapi? Mbabula iko humu ndani na sisi. Ila vichwa vinatugonga. Baba mtoto amejilaza. Mtoto naye amelala tangu asubuhi, hata kunyonya hataki."

Mama alitazama vidole vyake. Weusi wa makaa aliyoyafungasha ulikuwa bado chini ya kucha.

"Fungua mlango, mwanangu. Fungua sasa hivi."

"Lakini viboko..." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyelewa usingizi.

Kisha ikasikika mvua tu, ikigonga bati la gari.

Siku hizi, kila mwenye safari Mama humwambia hivi:

Usiingize makaa ndani ya gari. Hewa yake haionekani, nayo huua.

Usifunge madirisha yote.

Usilale kichwa kikikugonga.

Usimsikilize mama anayeogopa viboko.