Yowe la Shangazi

Shangazi alipopitisha vidole kwenye ukingo wa jeneza, aligundua kwamba kipande cha mpira kilichozuia kifuniko kisimbane kilikuwa kimebanduliwa.

Asubuhi nzima alikuwa amepiga mayowe, na yote yalisikika ya kuigiza. Katika filamu ya kwanza, alipoigiza mzimu wa bibi kizee, kifuniko kiliviangukia vidole vyake kwa bahati mbaya, na yowe lile ndilo lililowavunja watu mbavu. Watazamaji waliirudia filamu kwa ajili yake, wakapiga yowe pamoja naye ukumbini. Sasa ilikuwa zamu ya sehemu ya pili, na mashabiki walioalikwa walisimama nyuma ya kamba, wamevaa fulana zenye picha ya kinywa chake kikiwa wazi.

"Mpira uko wapi, mwanangu?" alimuuliza mwongozaji, mtoto wa kaka yake aliyemlea mwenyewe.

"Ulikuwa unaonekana kwenye kamera, shangazi." Hakuinua macho kutoka kwenye skrini. "Kama umechoka, sema tu. Mwenzako yuko tayari kuchukua nafasi yako."

Mwenzake, binti mdogo, aliketi pembeni, ameshapakwa unga usoni na kuchorwa makunyanzi.

"Bibi, usitubanie leo," shabiki mmoja alitania, na wenzake wakacheka.

Shangazi alivitazama vidole vya mkono wa kulia, vilivyopona vikiwa vimepinda na visivyoweza tena kushika sindano. Akavirudisha kifuani taratibu.

Kisha akaweka vya kushoto ukingoni, na mashabiki wakafungua vinywa.