Blanketi la Nyasani

Uji ulipofika, Nyasani alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa, akageukia ukuta.

"Bado anajificha?" akauliza daktari mgeni, kalamu mkononi.

"Bado, daktari," akajibu Mama Orpah, mhudumu wa kugawa chakula katika wodi ya wagonjwa wa akili, hospitali ya misheni nje kidogo ya mji wa Kisii. Mwaka ulikuwa wa sabini na mbili. Aliweka kikombe juu ya stuli, macho yake yakiwa dirishani.

"Anadhani tunamtilia sumu. Tumwongezee dawa," akasema daktari.

Vidonge vya manjano vikaja juu ya vile vyeupe alivyopewa tangu alipolazwa. Lakini vyeupe vilikuwa vimeshafanya kazi yake. Zile sauti zilizomkimbiza Nyasani mashambani zilikoma mapema. Alilala vizuri, alimjua chifu wake kwa jina, alijua hata bei ya ndizi. Na Mama Orpah akishaondoka tu, Nyasani alikunywa uji wote.

Mama Orpah angeweza kusema neno moja. Ila metroni alikuwa ameonya: mfanyakazi mwenye uhusiano na mgonjwa yeyote, kazi hana. Na kule Nyaramba wajukuu walikula kwa mshahara huo. Akasugua sufuria ya uji hata pale palipokuwa safi.

Siku moja nesi Walter aliingia na matope mpaka magotini.

"Wee Walter, umelima na suruali ya kazi?" mgonjwa wa karibu na mlango akamtania.

"Wacha tu! Nimekutana na mama mkwe hapo Mosocho, ana kwa ana. Ningepita wapi, na mila hairuhusu tutazamane? Nikaruka mtaro, nikaingia migombani!"

Wodi nzima ikacheka. Hata blanketi la Nyasani lilitikisika kwa kicheko. Mama Orpah peke yake hakucheka.

Daktari akapita. Blanketi lilikuwa bado juu.

"Vidonge havimtoshi huyu," akasema. Ikaja sindano, juu ya vile vya manjano, juu ya vile vyeupe.

Mikono ya Nyasani ikaanza kutetemeka. Shingo ikakakamaa. Mate yalimtoka bila yeye kujua, na Mama Orpah akawa anabadilisha foronya kila asubuhi huku akimwomba Mungu msamaha. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho ikifika, aliwakumbuka wajukuu.

Halafu asubuhi moja blanketi halikuvutwa. Nyasani aliketi kitandani mdomo wazi, akamkazia macho Mama Orpah, akapokea kikombe kutoka mkononi mwake, akanywa.

"Safi sana!" daktari akapiga makofi. "Umeona, mama? Huyu sasa amepona."

Mama Orpah alivuta aproni yake mpaka juu ya kichwa, akageukia ukuta. Tangu amwoe binti yake Mokeira, Nyasani hakuwahi hata siku moja kumtazama usoni.