Panya Buku na Maji ya Kunawa

Hapo kale, vyeti vilipokuwa havijaanza kufungiwa maandazi, Panya Buku alikuwa na digrii ya kompyuta na hana kazi. Roho ilimuuma kila alipomwona Chiriku, mhudumu wa mgahawa, akisifiwa. Nyani akiagiza ugali tu, Chiriku alimletea na maji ya kunawa kabla hajayaomba.

"Ati genius!" Buku alifoka. "Si ndivyo seva, kompyuta za mtandao, zinavyofanya? Simu ikiomba ukurasa, seva inatuma na picha zake kabla hazijaombwa. Nimeyasomea haya miaka minne, huyu hata nursery hakufika!"

"Ndugu yangu, mimi humwangalia mteja kwanza," Chiriku akasema.

"Nipe hiyo aproni, mwenye mgahawa aone nani anastahili kazi."

Chiriku akampa, Buku akaivaa. Mara akaingia Chatu, akaagiza chai. Buku akamkimbilia na birika na beseni. "Karibu unawe mikono, boss!"

Chatu akajitazama toka kichwani hadi mkiani. "Mikono ipi, msomi?"

"Sorry, mzee. Nilikuletea kabla hujaomba."

"Naona," Chatu akasema, akipanua kinywa. "Na nyama pia sikuwa nimeiomba."

Akammeza na aproni yake. Chai aliletewa na Chiriku, bila beseni.