Mihogo ya Usiku Mumoja

Siku mambo yaliharibika ilikuwa Jumanne, tarehe tatu mwezi wa sita. Wakubwa walikata maji mtaani. Wao wanakunywa ya chupa. Mihogo michungu ya soko la Mudaka inalowekwa siku tatu ili sumu itoke, lakini nilihitaji yale maji ya beseni yake kwa kazi zingine za nyumba, nikaitoa baada ya usiku mumoja tu. Nikaichemsha, nikakaanga samaki wadogo wa sambaza na mboga ya lengalenga haraka, kama alivyofanya marehemu mama ya watoto wangu.

Charlène, binti yangu mukubwa, aliacha kutafuna.

"Papa, iko uchungu."

"Kula, mutoto. Yenye iko uchungu ni serikali."

Mudogo wake alicheka, akameza kipande cha tatu. Uzi mweupe wa muhogo ulibaki kwenye kidevu chake.

Charlène alimukamata mukono.

"Papa, maman alikuwa analoweka siku ngapi?"