Unga Juu ya Injini

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshafunga mnyororo kwenye trekta dogo la bibi nilipomwaga unga wa ngano juu ya injini.

"Mume wangu," bibi alinitania, "unalitengeneza au unalikaanga?"

"Unga utatuonyesha oili inapovujia. Ikiwa ni chini, sina ujanja, lichukuliwe. Ikiwa ni juu, ni kazi ya spana tu."

Niliwasha. Unga ukatetemeka, mweupe pe. Tukainama sote, hata mnunuzi, vichwa nusura vigongane.

Doa jeusi likachomoza kwenye bolti ya juu kabisa, likaanza kuteremka bila haraka.

"Juu," nilinong'ona. "Bibi, ni juu."

Bibi alikuwa keshapiga magoti, anafungua mnyororo wa watu.