Beseni la Juani

Nilimkuta Bi Mwatum anamimina maji kwenye beseni langu, nikasahau hata kumwamkia.

Mabeseni yalikuwa mawili. Moja nililiweka kivulini, katika msitu unaozunguka kisima cha Chukwani, na hili juani, pale palipokwisha fyekwa. Mwenye shamba, bwana wa mjini, alitaka kujua kama miti ndiyo inayomkaushia maji. Kila asubuhi, kwa siku kumi, nilipima kwa kijiti, kuanzia alama niliyoichora ndani ya kila beseni. La kivulini lilipungua vidole viwili kwa siku zote kumi. La juani halikupungua hata kidogo. Nilishangaa, lakini kijiti hakisemi uongo. Jana nikampelekea jibu: miti ikatwe.

Leo niliwahi kuja kuyachukua mabeseni yangu.

"Bi Mwatum, unafanya nini?"

"Nnawawekea ndege maji, mwanangu. Sadaka ya marehemu mume wangu. La kivulini kule nimeliacha, lina maji tele. Hili hapa likipigwa na jua na upepo kutwa, hupungua upesi. Kila alfajiri nnalijaza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipoliweka."

Nikainama. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Ndani ya beseni, kidole kizima chini ya alama yangu, palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, pale maji yaliposhukia kila siku kabla hajayajaza. Siku zote kumi nimeuona, nikadhani ni uchafu.

Upande wa kisimani kukasikika shoka, kisha la pili.

Bi Mwatum akainua kichwa. "Nani huyo anakata kuni asubuhi yote hii?"