Kibali cha Bi Ninga

"Puani," Bi Ninga alisema, na wimbo wa kwanza ulikuwa haujafika hata nusu. "Anaimbia puani, yule."

Rafiki yake, fundi cherehani wa nguo za harusi, alimbonyeza mkono apunguze sauti. Watu wa safu ya mbele walikuwa wameshageuka mara mbili. Bi Ninga hakujali. Alikuwa amekaa kiti cha bure, safu ya tatu, na kwenye mkoba wake kulikuwa na barua iliyompa haki ya kusema lolote.

Barua ilitoka kwa meneja wa kikundi. Walikuwa wakizunguka mji kwa mji na mchezo uleule wa nyimbo, ule wa mfua nguo aliyemkataa hakimu. "Tunataka kubadilisha sauti ya mfua nguo," meneja aliandika, "ila bila kibali chako hatuwezi. Tafadhali njoo usikilize, kisha utupe neno lako." Bi Ninga aliisoma mara nne, na mara ya nne alicheka peke yake jikoni. Miaka kumi na minane iliyopita mfua nguo alikuwa yeye. Alipostaafu aliwaambia hawatapata mwingine, na sasa wamekuja wenyewe kukiri.

"Na ukisema hafai?" fundi alikuwa amemuuliza walipokuwa wakitafuta viti.

"Basi hafai. Atafute kazi nyingine."

"Pengine ana watoto."

"Sikuitwa kuhesabu watoto."

Mchezo wenyewe ulikuwa umechakaa. Pazia lilikuwa na kiraka cha rangi nyingine kabisa. Sharubu la hakimu lilikuwa limebanduka upande mmoja, naye alikuwa akilibonyeza kila alipopaswa kukasirika. Wapiga ala hawakuwapo. Badala yao yaliwekwa maspika mawili makubwa, na Bi Ninga aliyatazama jinsi mtu anavyowatazama wageni waliokuja na viatu mpaka chumbani.

Msichana aliyecheza mfua nguo alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu. Alizunguka jukwaa zima na beseni kichwani akiwa katikati ya wimbo, na fundi akashindwa kujizuia.

"Hata pumzi haimkatiki, jamani."

"Ndiyo ujue hana hisia. Mimi wimbo huu ulikuwa unanitoa jasho."

Ulipofika wimbo wa kamba ya kuanikia, Bi Ninga aliinama mbele na kutega sikio. Kisha akaegemea kiti na kuguna.

"Amenikariri. Pale kabla ya neno la mwisho nilikuwa natweta kidogo, kwa sababu ya kifua changu. Umemsikia? Naye anatweta palepale. Ameniibia mpaka makosa."

"Mimi naisikia nzuri," fundi alisema. "Inanikumbusha enzi zako."

"Umenitukana."

"Sijakutukana. Ulikuwa unajisikilizaga wewe?"

"Mwimbaji hajisikilizi. Redioni wakinipiga nilikuwa nazima."

Ukweli ni kwamba alikuja na hofu. Wiki nzima aliogopa kwamba angemkuta mtu anayeimba kumshinda, halafu akalazimika kutabasamu na kupiga makofi mbele ya watu. Sasa moyo wake ulikuwa umetulia tuli. Aliufurahia utulivu ule waziwazi, bila aibu, akala karanga zote za fundi wakati wa mapumziko.

Sehemu ya pili hakuisikiliza sana. Alikuwa akitunga maneno.

Pazia lilipofungwa, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Bi Ninga alibaki amekaa, mkoba mapajani. Fundi alisimama, akamtazama, akakaa tena.

"Mwenzangu, watu wameipenda. Kwani ukinyamaza utapungukiwa nini?"

"Watu hupenda chochote wakishalipia."

Meneja aliwapokea nyuma ya jukwaa, kwenye chumba chenye kioo kimoja na nguo zilizotundikwa mpaka juu. Alikuwa kijana wa adabu, mwenye wasiwasi, na karatasi yake alikuwa ameiandaa mezani na kalamu juu yake. Msichana alikuwa amekaa pembeni akijifuta rangi usoni. Aliinama kuwaamkia bila kutoa sauti, kisha akawa anaifinyangafinyanga taulo mikononi.

Bi Ninga aliketi akaandika bila kusita. Fundi alisoma juu ya bega lake: *Sauti hii ni nyembamba, ina majivuno, na haina huruma hata chembe. Iondolewe leo hii. Aliyeitoa hakustahili kamwe kupanda jukwaani.*

"Hilo la mwisho lifute," fundi alinong'ona. "Mtoto wa watu yuko hapo hapo."

"Halifutiki." Akatia saini, kubwa, yenye mkia.

Meneja alisoma. Akasoma tena. Akamtazama Bi Ninga, akamtazama fundi, akajikuna shingo.

"Una hakika, mama? Yote haya?"

"Kila neno. Mngeniita mapema zaidi."

Meneja alimpa msichana ile karatasi. Fundi aligeuza uso ukutani, maana hakutaka kuona. Msichana alisoma polepole, kisha akainuka, akaja kuishika mikono ya Bi Ninga, yote miwili.

"Asante, mama," alisema, kwa sauti nzito, ya chini, ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia jioni ile. "Miaka mitatu nawaomba niimbe mwenyewe, nao wananiambia nichezeshe midomo tu, kwa sababu sauti yako waliyoirekodi haiondolewi mpaka wewe mwenyewe ukubali."